Sikukuu ya Ziwa Letu: Tukiwakumbuka Wafaransa wa Karema, Tusiwasahau Wenyeji Wao

Ndugu msomaji wa Shanwe, wa Katumba, wa Ikola, na ninyi nyote mkaao vijijini katika Mkoa wa Katavi, shikeni kalamu tufanye hesabu ndogo. Mapadri Weupe walikabidhiwa boma la Karema mwaka 1885. Ongeza miaka 150. Unapata mwaka 2035. Mwaka huo si mbali. Mtoto anayejifunza kusoma leo ataingia katika sikukuu hiyo akiwa kijana wa kupiga ngoma na kubeba bendera.

Sasa fanya hesabu ya pili, nayo ni ngumu zaidi. Daktari Adriani Atiman wa Karema alifariki mwaka 1956. Mtoto aliyekuwa na miaka 10 siku ile alizaliwa mwaka 1946. Mtu huyo leo ni mzee wa miaka 80 hivi. Mwaka 2035 atakuwa na miaka 89, kama Mungu atampa uzima. Je, nani amekwenda kukaa naye mkekani na kumwuliza, "Mzee, ulimwona? Alikuwa mtu wa namna gani?"

Hapo ndipo lilipo jambo letu la leo. Sikukuu ya ukumbusho haianzi siku ya karamu. Huanza siku ya kuwauliza wazee. Ukichelewa kuwauliza, utabaki na karamu tupu.

ZIWA LENYEWE

Kabla ya kusema habari za watu, tuseme habari za maji. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 670 hivi, nalo ndilo refu kuliko maziwa yote ya maji baridi duniani. Kina chake chafika mita 1,470. Ni ziwa moja tu la dunia, Baikal la Urusi, lililo na kina zaidi. Nchi nne huligawana: Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Wataalamu husema umri wake ni miaka milioni 9 mpaka 12. Kwa hiyo, tukisema kwamba ziwa "liligunduliwa" na Waingereza Burton na Speke waliofika Ujiji mwaka 1858, tunatumia neno lisilofaa. Mzee Sidi Mubarak Bombay alisafiri pamoja nao, na huko ufukoni waliwakuta watu wenye mitumbwi, nyavu, masoko na majina yao ya mahali.

Ziwa hili pia lina tabia ya kupanda na kushuka. Maji yake hutoka kwa mto mmoja tu, Lukuga, upande wa Kongo. Mdomo wa mto huo ulikuwa umezibwa na udongo na majani, na ziwa likajaa mno. Karibu na mwaka 1878 kizuizi kilivunjika, maji yakaenda zake kwa nguvu, na katika miaka iliyofuata ziwa likashuka mita 10 hivi. Watu waliojenga karibu na maji walijikuta mbali na ufuko. Karema iliona jambo hilo kwa macho yake. Miaka ya karibuni imekuwa kinyume: maji yamepanda, na nyumba nyingi za ufukoni zimeingiliwa na maji, hasa Burundi na Kigoma. Mwenye kuijua historia ya ziwa hashangai sana, naye hujenga kwa akili.

TEMBO WA KAREMA NA BOMA LA WABELGIJI

Watu wengi hudhani Wazungu wa kwanza wa Karema walikuwa mapadri. Sivyo. Mwaka 1876 Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji, alianzisha chama kilichosema nia yake ni kuichunguza Afrika na kuipinga biashara ya watumwa. Mwaka 1879 mjumbe wa chama hicho, Kapteni Cambier, alijenga kituo Karema, katika nchi ya Wabende.

Watoto wenu watapenda kisa hiki. Mwaka huohuo Wabelgiji walitaka kujua kama tembo waweza kubeba mizigo badala ya wapagazi. Wakaleta tembo 4 waliofugwa Uhindi, pamoja na wachungaji wao, wakawashusha pwani ya Msasani, karibu na Dar es Salaam. Kiongozi wa safari alikuwa Carter, mtu wa Ireland. Tembo walivuka mito na nyika, nao wenyeji wakashangaa kuona mnyama wa porini akimtii mtu kama mbuzi amtiivyo mchungaji. Lakini mmoja baada ya mwingine wakafa njiani. Mmoja tu ndiye aliyefika Karema, mwezi wa Desemba mwaka 1879, naye hakuishi muda mrefu. Carter mwenyewe aliuawa mwaka 1880 huko Mpimbwe, pamoja na mwenzake Cadenhead, vita vilipowakuta njiani wakirudi kuelekea pwani.

Basi mizigo ikaendelea kubebwa na vichwa vya watu. Tuliweke hili moyoni. Kila kengele, kila kitabu, kila dawa iliyofika Karema zamani zile ilibebwa na mpagazi, mara nyingi Mnyamwezi, kutoka pwani, kwa safari ya miezi mingi. Majina ya wenye misafara yameandikwa vitabuni. Ya wapagazi mengi hayakuandikwa.

Mwaka 1885, baada ya mkutano wa Berlin, Leopold aligeuza macho yake yote kuelekea Kongo. Akawaachia Mapadri Weupe vituo vyake viwili vya ziwani: Karema upande huu, na Mpala upande wa pili.

WAFARANSA WALIOKATAZWA KIFARANSA

Mapadri Weupe walikuwa akina nani? Shirika lao lilianzishwa mwaka 1868 na Charles Lavigerie, Mfaransa, Askofu Mkuu wa Algiers, ambaye baadaye alifanywa Kardinali. Waliitwa weupe kwa sababu ya mavazi yao: kanzu nyeupe na joho jeupe, kama wavaavyo Waarabu wa Algeria. Lavigerie alitaka mapadri wake wavae kama wenyeji, wale kama wenyeji, na waseme lugha ya wenyeji. Tena aliwaagiza kwamba baada ya miezi michache tu ya kufika mahali, wasiseme hata wao kwa wao isipokuwa lugha ya nchi ile. Fikirini jambo hilo: Wafaransa waliokatazwa Kifaransa mezani pao!

Msafara wao wa kwanza ulikuja mwaka 1878. Padri Pascal, aliyepangwa kuwaongoza wa Tanganyika, alifariki njiani kabla ya kuliona ziwa. Wenzake walifika Ujiji mwezi wa Januari mwaka 1879. Wakajaribu Rumonge, katika nchi ya Burundi, na huko mwezi wa Mei mwaka 1881 waliuawa Padri Deniaud, Padri Augier, na mlei mmoja Mbelgiji, d'Hoop. Homa nayo iliwamaliza wengine. Askofu Charbonnier alipewa uaskofu mwaka 1887, akafariki Karema mwaka 1888. Aliyemfuata, Askofu Bridoux, alifariki mwaka 1890. Ndipo akaja Askofu Lechaptois, naye akadumu tangu mwaka 1891 mpaka kufa kwake mwaka 1917. Huyu aliandika kitabu kwa Kifaransa juu ya watu na nchi za kando ya Tanganyika, kilichotoka mwaka 1913. Mwanzoni mwa karne ya 20 Karema ilizaa Shirika la Masista wa Bikira Maria Malkia wa Afrika, ambao wengi wenu mnawajua kwa shule na zahanati zao.

Kwa hiyo, mtu akiuliza, "Urithi wa Kifaransa uko wapi Katavi?", asitazamie kusikia Kifaransa sokoni. Hapa Wafaransa hawakupata kutawala. Serikali ilikuwa ya Wajerumani, kisha ya Waingereza. Urithi wao umejificha katika mambo madogo. Tunaposema "Noeli" badala ya Krismasi, tunasema neno la Kifaransa. Utaratibu wa kumfundisha mkatekumeni miaka 4 kabla ya ubatizo ulikuwa amri ya Lavigerie. Desturi ya kila misioni kuandika kitabu cha habari za kila siku ilikuwa amri yake pia. Siku kwa siku mapadri waliandika kwa Kifaransa: mvua imenyesha, simba ameua ng'ombe, mgeni amefika, mtoto amekombolewa. Vitabu hivyo ni hazina. Humo mna habari za mababu zetu ambazo sisi wenyewe hatukuziandika. Kijana wa Katavi atakayejifunza Kifaransa vizuri ataweza kuzisoma na kuturudishia. Hiyo ni sababu nzuri ya kusoma Kifaransa, kupita kutamani safari ya Paris.

MTUMWA ALIYEKUWA DAKTARI

Lakini mtu mkubwa wa Karema, ambaye jina lake lilienea kuliko la maaskofu, hakuzaliwa Ufaransa. Adriani Atiman alizaliwa karibu na mto Niger, upande wa Timbuktu, katika nchi iitwayo leo Mali. Akiwa mtoto mdogo alikamatwa, akauzwa, akavushwa jangwa la Sahara. Huko Algeria Mapadri Weupe walimnunua na kumfanya huru. Wakampeleka shule, kisha kisiwa cha Malta, alikojifunza uganga wa kisasa ili awe daktari na katekista pamoja.

Mwaka 1889 alifika Karema, naye akakaa huko mpaka kufa kwake mwaka 1956. Hesabu mwenyewe: miaka 67 mahali pamoja! Alitibu Wabende, Watongwe, Wafipa, Wapimbwe, Wazungu na kila aliyekuja. Alipofika, serikali ya Wajerumani ilikuwa haijashika sawasawa nchi hii ya ziwa. Alipofariki, Tanganyika ilikuwa imebakiza miaka 5 tu kupata uhuru. Serikali zilikuja na kupita, yeye akabaki na sanduku lake la dawa. Tena hakuwadharau waganga wa kienyeji: alitaka kujua miti shamba yao, nao wakajua dawa zake. Alimwoa Agnes Wansabira, binti wa ukoo wa utemi wa Wabende, na mtoto wao Yosefu akawa padri. Habari za maisha yake kwa maneno yake mwenyewe zilichapishwa kwa Kiingereza mwaka 1946 katika jarida lililoitwa Tanganyika Notes and Records.

Tazameni basi. Mtu aliyeporwa kwao magharibi ya Afrika, akafundishwa na Wafaransa katika kisiwa cha bahari ya Mediteranea, akaozwa Ubende, akazikwa kando ya ziwa letu. Je, huyu ni urithi wa nani? Wa Ufaransa? Wa Mali? Wa Wabende? Jibu ni kwamba ni wa wote, na sikukuu yoyote ya Karema isiyomtaja ingekuwa kama ugali bila kitoweo.

MAMBO MAGUMU NAYO YASEMWE

Sasa, ndugu msomaji, tuingie katika lile ambalo wenye kupanga sherehe hupenda kuliruka. Mtu anapokumbuka wafu wake, husifu. Ni desturi njema. Lakini sifa bila ukweli haziwafundishi watoto.

Ukweli wa kwanza: ziwa hili lilikuwa njia ya biashara ya watumwa. Wanawake na watoto walivushwa kutoka Kongo, wakauzwa Ujiji, wakapelekwa pwani. Wafanya biashara wa pwani walishiriki, na wakubwa wengine wa hapahapa bara walishiriki pia. Mwaka 1888 Kardinali Lavigerie alizunguka Ulaya akihubiri dhidi ya biashara hiyo, na sauti yake ilisikika. Karema na Mpala mapadri waliwakomboa watoto wengi kwa vitambaa na vitu vingine. Hiyo ni kazi ya huruma, wala hatuna sababu ya kuificha.

Ukweli wa pili: mtu aliyekombolewa hakurudi kwao. Mara nyingi hakujua hata njia ya kwao. Alikuzwa misioni, akapewa shamba misioni, akaoa au kuolewa misioni, akatii sheria za misioni. Padri alikuwa baba yake, na mkubwa wake, na hakimu wake pia. Wako walioshukuru maisha yao yote. Wako pia waliobaki na kiu ya ukoo waliopotezwa. Ukisikia nyumbani kwenu maneno haya, "Bibi hakujulikana kabila lake," ujue umegusa historia hiyo. Usione haya. Si aibu ya bibi.

Ukweli wa tatu: si bunduki zote zilizoletwa ziwani zilishikwa na wauza watumwa. Wazungu nao walikuja na silaha. Kapteni Joubert, Mfaransa aliyekuwa zamani askari wa Papa, alifika Karema mwaka 1886, kisha akavuka kwenda Mpala kuwalinda watu wa misioni dhidi ya wavamizi. Alimwoa mwenyeji, Agnes Atakaye, akafariki mwaka 1927 upande wa Kongo bila kurudi kukaa Ufaransa. Wengi walimpenda. Lakini kabla yake Mbelgiji Storms, aliyekuwa mkubwa wa Karema na baadaye akaanzisha Mpala, alipigana na mtemi Lusinga wa Watabwa, ambaye mwenyewe alikuwa mkamata watumwa. Mwezi wa Desemba mwaka 1884 Lusinga aliuawa, na kichwa chake kikapelekwa Ubelgiji kama kitu cha kuonyeshwa. Uovu wa Lusinga haufanyi jambo hilo kuwa jema. Maiti ya mtu ina heshima yake.

Je, tukisema haya tutaiharibu sikukuu? Hapana. Mwenye kidonda hakifuniki kwa kanga nzuri tu. Hukiosha kwanza. Nasi tukiyasema wenyewe, kwa kiasi na kwa heshima, watoto wetu hawatayasikia kwa mgeni kama siri iliyofichwa.

ZIWA JINGINE LENYE WAFARANSA

Si sisi peke yetu wenye ziwa na kumbukumbu za Wafaransa. Huko Amerika ya Kaskazini, mpakani mwa Marekani na Kanada, liko ziwa liitwalo Champlain. Ni dogo kuliko letu, urefu wake kilomita 190 hivi. Mwaka 1609 Mfaransa Samuel de Champlain alifika huko pamoja na wenyeji waliokuwa rafiki zake, akaliita ziwa kwa jina lake mwenyewe. Mwezi huohuo wa Julai alipigana na Wamohawk na kuwaua wakubwa wao kwa bunduki.

Tangu hapo watu wa kule wamekuwa na desturi ya kufanya sikukuu kubwa za ziwa. Mwaka 1909 waliadhimisha miaka 300. Wageni wakubwa walialikwa, gwaride likapita, na Ufaransa baadaye ikatoa sanamu iliyochongwa na Rodin, mchongaji mashuhuri, ili iwekwe kwenye mnara wa taa ufukoni. Na wenyeji wa asili, je? Walipewa kazi ya kuigiza mchezo juu ya jukwaa lililoelea majini, wageni wakitazama. Walikuwa pambo la karamu katika nchi ya baba zao.

Mwaka 2009 wakaadhimisha miaka 400. Walikula, wakaimba, wakaendesha mashua, na wageni wa Quebec, wenye kusema Kifaransa, wakaja. Lakini safari hii wenyeji wa asili walipata nafasi ya kupiga kambi yao na kueleza habari zao kwa midomo yao. Baada ya hapo, katika miaka ya 2011 na 2012, jimbo la Vermont lilikiri kwa sheria kwamba makundi 4 ya Waabenaki ni wenyeji wa nchi ile. Miaka 100 ilipita kati ya sikukuu ya kwanza na ile ya pili, nao wamejifunza kitu. Sisi twaweza kujifunza kwao bila kungoja miaka 100.

KIFARANSA KILICHOINGIA KWA MLANGO WA PILI

Tena tusisahau kwamba Kifaransa kimekuja Katavi mara ya pili, wala si kwa kanzu nyeupe. Mwaka 1972 mauaji ya Burundi yaliwafukuza maelfu ya watu. Wengi wao walipokelewa Katumba na Mishamo, katika iliyokuwa wilaya ya Mpanda. Walifyeka mwitu, wakalima mahindi, mihogo na tumbaku. Miongoni mwao walikuwamo walimu na makatekista waliosoma kwa Kifaransa. Watoto na wajukuu wao wengi ni raia wa Tanzania sasa. Na ngoma yao kubwa ya kifalme iliwekwa mwaka 2014 na UNESCO katika orodha ya urithi wa wanadamu wote.

Vilevile ng'ambo ya ziwa, Kalemie na Moba, jamaa zetu husema Kiswahili, lakini wakifika kwenye hesabu ya fedha hugeukia Kifaransa, kisha hurudi kwenye Kiswahili bila kujikwaa. Karema sasa ina bandari mpya iliyojengwa kwa ajili ya biashara na Kongo. Mfanya biashara wa Mpanda atakayejua kuhesabu kwa Kifaransa hatapunjwa kirahisi. Basi Kifaransa kwetu si kumbukumbu ya marehemu tu. Ni lugha ya jirani.

SIKUKUU YETU IWEJE?

Mtasema, "Mwandishi, umesema mengi. Sisi wa kijijini tufanye nini?" Haya ndiyo mashauri, wala hayahitaji fedha nyingi.

La kwanza, ulizeni wazee mwaka huu huu. Kila familia inunue daftari moja. Kijana ajuaye kuandika akae na babu au bibi, aandike: jina, kijiji alikotoka, nani alimbatiza, nani alimtibu, nyimbo gani waliimba, njaa gani waliiona. Aandike kama mzee asemavyo, asirekebishe. Kama mzee hataki kusema jambo, asimlazimishe. Mapadri wa kwanza waliandika habari kila siku katika homa na mvua. Sisi tutashindwaje?

La pili, tunzeni makaburi. Karema wako maaskofu, mapadri, masista, makatekista, na wakombolewa wasio na jina. Siku ya kufyeka, msifyeke kaburi la askofu na kuacha la mpagazi.

La tatu, panga ngoma pamoja na wenyewe. Wabende, Watongwe, Wafipa, Wapimbwe, Wakonongo, na Warundi wa Katumba na Mishamo, wote waitwe kwenye kikao cha kupanga, si siku ya kucheza tu. Mtu anayeitwa kucheza tu ni mtumishi wa karamu. Anayeitwa kupanga ni mwenye karamu.

La nne, waalikeni watu wa ng'ambo. Ziwa halijawahi kuwa ukuta. Padri wa Moba aje na wimbo wake, na wakristu wa Burundi waje na ngoma yao.

La tano, sikukuu ya ziwa isimwache ziwa mwenyewe akifa. Mwaka 2024 nchi zote nne zilikubaliana kufunga uvuvi tangu tarehe 15 Mei mpaka tarehe 15 Agosti, ili migebuka na dagaa wapate kuzaana. Ilikuwa taabu kwa wavuvi, nasi twajua sufuria zilizokauka siku zile. Lakini urithi gani tutawaonyesha wageni, kama hatuna samaki wa kuwakaangia? Siku ya sikukuu nyavu za macho madogo mno zisionekane ufukoni, na miti ipandwe juu ya vilima, maana udongo unaoporomoka huyafunika mazalio ya samaki.

Kuna wanaosema mambo ya zamani hayajazi tumbo. Ni kweli kwa siku moja. Lakini wananchi wa Bagamoyo waliona mwaka 2018 jinsi wageni walivyomiminika, Wakatoliki wa Tanzania bara walipoadhimisha miaka 150 ya uinjilishaji, tangu mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walipofika huko mwaka 1868, nao pia Wafaransa wengi wao. Wageni hula, hulala, hununua mikeka na vikapu. Lakini mgeni haji kuona ukuta mtupu. Huja kusikia habari. Mwenye habari ni mzee wako.

Kwa hiyo, baba na mama wa Shanwe, jioni ya leo mkimaliza kula, msiwashe redio upesi. Mwiteni mtoto alete daftari. Mwulizeni bibi jina la mama yake, na la mama wa mama yake, na mahali alipoliona ziwa kwa mara ya kwanza. Andikeni, mweke tarehe. Ukurasa huo mmoja utakuwa mwanzo wa sikukuu ya mwaka 2035, nao utadumu hata kama siku yenyewe mvua itanyesha na karamu ikalowa.